Mkono wa Kulia

Gari lile dogo lilikuwa na jina mtaani. Liliitwa Kitanda. Aliyelibandika jina hilo hakujulikana, ila sababu yake kila mtu aliijua: likivuka tuta, sehemu ya mbele ilitoa mlio ambao watu wazima wakiusikia walitazamana wakacheka, na watoto nao wakacheka kwa kuwa watu wazima wamecheka. Mwenye gari, mwanamke mwenye heshima zake, alikuwa amejifunza kukaza macho mbele na kujifanya hasikii.

Yeye aliitwa Dereva tu. Alijifunza kazi hiyo kabla hajaolewa, alipokuwa akisambaza mikate, na mikate ilipokwisha jina lilibaki. Mumewe aliitwa Spana, kwa kuwa alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sabuni na hakuonekana hata siku moja akirudi nyumbani bila spana mfukoni. Kiwanda kilipofungwa alirudi nazo zote kwa mpigo. Tangu hapo nyumba ile, yenye mume, mke, mama mzaa mume na binti mdogo wa shule, ilikuwa ikiishi kwa vibarua vya hapa na pale.

Ndipo Dereva akapata wazo la kubeba watoto. Shule ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, malori yanapita pale bila huruma, na wazazi wa mtaa walikuwa wamechoka kuwavusha wanao kila asubuhi. Wote waliafiki. Lakini wote pia walikuwa wakimsikiliza Mama Mapacha, ambaye alikuwa msusi, na msusi akishasema jambo asubuhi, jioni hakuna asiyelijua. Akikubali yeye, wengine watafuata. Akikataa, basi tena.

Juma lililotangulia, Mama Mapacha alipanda na mapacha wake ili apime, binti wa Dereva akiwa nyuma pamoja nao. Hawakufika shuleni. Walivuka tuta la kwanza, Kitanda kikalia. Walivuka la pili, vijana wa duka la kona wakapiga mluzi.

"Dada, hebu nishushe hapa," alisema Mama Mapacha.

"Si tunakaribia kufika?"

"Najua. Nishushe tu, miguu ninayo."

Alipokwisha kuwashusha wanawe aliinama dirishani akasema kwa upole, na upole huo ndio uliouma. "Mimi na wewe hatuna ugomvi. Udereva wako nauona. Ila wanangu siwezi kuwapandisha kwenye gari linalolia hivi. Litengenezeni. Jumapili jioni nitakuja tupande tena. Likinyamaza, Jumatatu wanangu ni wako. Likilia, tusilaumiane."

Kwa hiyo kazi nzima, na ada ya binti, na unga wa nyumbani, vyote vilikuwa vinasubiri mlio mmoja uishe.

*

Jumamosi asubuhi Spana aliazima jeki kwa jirani, akatandika gunia uani, akavua shati.

"Gereji hatuendi," alitangaza. "Nimefungua mitambo mikubwa kuliko nyumba hii, nishindwe na kigari?"

"Mitambo yako ilikuwa haibebi mjukuu wangu," alisema mama yake. Bibi alikuwa amekaa mlangoni akishona vifungo vya sare ya mjukuu, na mahali pale palimfaa kwa sababu alisikia kila kitu.

Spana alisukuma magogo mawili chini ya gari ili jeki ikimsaliti asifie humo, akalitoa gurudumu la kushoto, akajipenyeza. Punde ikasikika sauti yake ya furaha. "Nimempata mwizi! Njoo uone."

Dereva akachuchumaa. Mumewe alimwonyesha mkono wa chini, kile chuma kipana kinachoshika gurudumu na kulifunga kwenye mwili wa gari. Mwisho wake wa ndani una bushi, mipira minene inayoufanya ucheze bila kugonga. Mwisho wa nje una boljointi, kichwa cha chuma kinachozunguka ndani ya kikombe chake ili gurudumu ligeuke. Bushi moja ilikuwa imepasuka, na chuma kilikuwa kinasuguana na chuma.

"Hicho ndicho kitanda chetu," alisema Spana, akaona raha na mzaha wake mwenyewe. "Nenda duka la spea, kanunue mkono mzima. Mimi nafungua huu."

"Niwaambie mkono upi?"

"Mkono wa chini. Unaolia!"

Dereva akachukua mkoba. Ndani yake mlikuwa na akiba yote ya nyumba.

Duka la spea lilikuwa limejaa wanaume. Muuzaji, kijana aliyebana simu kati ya sikio na bega, aliwahudumia wote waliokuja nyuma ya Dereva, kisha akamwona.

"Mama, wewe umetumwa au unajua unachotaka?"

"Najua ninachotaka." Akamtajia gari na mwaka wake. "Nataka mkono wa chini, wa mbele. Ule unaolia."

Kijana alikuwa bado anacheka na mtu wa kwenye simu. "Wa kulia?"

"Eeh. Wa kulia."

"Lete mkono wa kulia mmoja!" alipaza sauti stoo.

Kiswahili chetu kimebana matumizi. Kulia ni kutoa machozi au mlio, kulia ni upande, na mkono wa kulia ni ule tunaolia chakula. Dereva alisikia jambo moja, muuzaji akasikia jingine, na wote wawili wakaridhika. Alilipa, akaubeba mkono mpya kifuani kama mtoto, akarudi nyumbani akiwa na furaha yake yote.

*

Spana alikuwa ameshautoa mkono wa zamani. Aliutoa ule mpya kwenye nailoni, akaushika kwa vidole vyenye grisi, akausogeza mahali pake. Haukuingia. Akautoa, akaugeuza, akaurudisha. Mwishowe akailaza mikono yote miwili chini sambamba. Mmoja ulipinda huku, wa pili ulipinda kule.

"Mke wangu," alisema polepole. "Huu ni wa kulia."

"Si ndio ulioutaka?"

"Mimi nilitaka wa kushoto!"

"Ulisema unaolia."

"Unaolia si ndio wa kushoto? Gari zima linalia kushoto, mtaa mzima unajua!"

"Basi ungesema kushoto! Mimi nimesema unaolia, yule kijana akaniuliza wa kulia, nikamwambia eeh, wa kulia. Ningejuaje kama anataja upande?"

Bibi akaanza kucheka. Alicheka mpaka sindano ikamdondoka, akajifuta macho kwa ncha ya khanga. "Jamani," alisema, "na mimi sasa ni wa kulia."

Wao hawakucheka. Dereva alipiga simu dukani, na sauti ya kijana ikasikika uani kote. "Shemeji, ulisema wa kulia au hukusema? Nina mashahidi hapa. Tena mwenyewe unasema umeshaingia grisi. Kitu kikishatoka dukani hakirudi, bango liko ukutani. Na wa kushoto hata ningetaka kukupa sina, mzigo ni Jumanne." Nyuma yake wanaume walikuwa wakiangua kicheko.

"Ningekwenda mwenyewe," alisema Spana.

"Ungekwenda, nani angebaki chini ya gari kujisifu?"

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao ya mwisho siku ile. Gari lilibaki juu ya magogo, upande mmoja hauna gurudumu, na lango la ua lilikuwa bovu halifungiki, kwa hiyo kila aliyepita aliona. "Vipi, Kitanda kimevunjika chaga?" aliuliza mmoja. Mwingine aliuliza kama kimelazwa. Spana aliwajibu kwa kucheka nao, kisha akaingia ndani akakaa chumbani peke yake mpaka chakula kikapoa.

*

Jumapili asubuhi alitoka na ukanda wa mpira wa baiskeli.

"Nimepata dawa," alisema bila kumtazama mkewe. "Naurudisha mkono wa zamani, ile bushi naizungushia mpira huu, naikaza na waya. Jioni halitatoa hata kikohozi. Mama Mapacha akisharidhika, tutatafuta pesa, Jumanne tutanunua wa kushoto."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu utakwenda polepole."

Dereva alikuwa akifua. Akaacha. "Mimi sibebi watoto wa watu kwa waya na mpira wa baiskeli."

"Ni siku moja tu."

"Hata iwe saa moja. Akiniuliza limepona nitamjibu nini? Na mkono mpya huo hapo umelala. Kwa nini usiufunge kulia?"

"Kulia hakuna shida. Halilii huko."

"Ndiyo, lakini tumeshaulipia. Ukifungwa utaoza?"

"Nitapoteza nguvu bure."

"Hizo nguvu unazitunzia kazi gani?"

Neno lilikuwa limeshatoka. Dereva alitamani kulimeza, lakini lilikuwa limefika. Bibi aliinamisha kichwa kwenye sare. Mtu asiye na kazi anaweza kuvumilia mzaha wa mtaa mzima, ila hilo kutoka kwa mkewe ni jingine. Spana alichukua jeki, akalizunguka gari, akaliinua upande wa kulia kwa hasira, akipiga jeki kwa nguvu zaidi ya ilivyohitajika. Alifungua gurudumu ili tu amwonyeshe kwamba hana haja ya kutunza nguvu.

Akalegeza bolti. Akauingiza mtaimbo chini ya mkono, akaunyanyua kidogo, ajaribu.

Boljointi ikachomoka. Haikugoma, haikugonga, haikutoa sauti yoyote. Kichwa cha chuma kilitoka ndani ya kikombe chake kama jino la mtoto, kikaning'inia.

Spana aliketi chini mzimamzima. Akauweka mtaimbo mapajani.

"Mama watoto," aliita, na sauti yake haikuwa ile ya jana. "Njoo."

Dereva alidhani amejiumiza, akaja mbio mikono ikiwa na povu. Mumewe alikirudisha kile kichwa kwenye kikombe kwa vidole viwili, akakitoa tena kwa vidole viwili.

"Hicho ndicho kinachoshika gurudumu?" aliuliza mkewe.

"Ndicho."

"Mbona halikuwa likilia huku?"

"Kifuniko chake kilikuwa kizima, grisi imejaa ndani. Kichwa kilikuwa kinalika kimya kimya. Pale kushoto ni mpira tu, kungepiga kelele mwaka mzima lisitokee jambo. Hapa..." Alisita. "Hapa gurudumu lingelala chini. Ungegeuza usukani, gari lisigeuke."

Dereva akaiona barabara kuu. Aliwaona na mapacha wa watu wamekaa nyuma juma lililopita, na binti yake katikati yao akiwaonyesha jino lililong'oka. Akaketi palepale penye grisi. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa, na jambo lenyewe lilikuwa limeshapita. Akalia kwa sauti, bila kuona haya, na mumewe akamshika mkono wenye povu kwa mkono wake wenye grisi.

"Nisamehe," alisema Spana. "Mimi ningeufunga ule wa kushoto kwa waya, nikakuruhusu uende."

"Na mimi unisamehe lile neno."

"Lile neno ndilo lililonileta upande huu."

Bibi alikuwa amesimama mlangoni, sare mkononi. "Mshukuruni Mungu kwanza," alisema. "Kuombana radhi mtamalizia jikoni."

*

Baada ya hapo kazi ilikwenda kwa namna nyingine kabisa. Mkono mpya uliingia upande wa kulia mara moja, kwa kuwa ndio uliokuwa wake. Spana akaanza kupiga mluzi. Kisha akaulaza mkono wa zamani wa kulia kando ya ule wa kushoto, akaikagua yote miwili kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa lazima, na mkewe aliyemjua vizuri akatambua kwamba kuna jambo linachemka.

"Huu boljointi imekufa, lakini bushi zake ni nzima. Huu bushi imekufa, lakini boljointi ni nzima." Akamtazama. "Na bushi zenyewe ni za kipimo kimoja."

"Unaweza kuzihamisha?"

"Kiwandani tulikuwa na mashine ya kukandamizia."

"Hapa hatuna mashine."

"Hapa tuna bolti ndefu, kipande cha bomba la maji, na wewe. Na niletee sabuni."

"Sabuni ya nini?"

"Miaka yote ile ya sabuni unadhani nilikuwa nauza sura? Mpira ukipakwa povu zito unateleza ukiingia, kisha povu linakauka, mpira unashika. Usilete mafuta, mafuta yanaula mpira."

Wakakandamiza. Dereva alishika bomba lisicheze, Spana akazungusha nati kidogo kidogo, povu likiwachuruzikia mpaka kwenye viwiko. Bushi nzima ilitoka kwenye mkono uliokufa. Ile iliyopasuka ikatoka kwa matusi madogo ambayo Bibi alijifanya hakuyasikia. Kisha ile nzima ikaanza kuingia mahali papya, ikakwama, ikapakwa povu tena, ikaingia mpaka mwisho. Kulikuwa na kishindo kidogo ilipokaa, na mume na mke wakatazamana wakacheka wote wawili kwa mara ya kwanza tangu jana.

Mkono wa kushoto ukarudi mahali pake na magurudumu yakafungwa, ila bolti za bushi Spana hakuzikaza gari likiwa juu. Alilishusha kwanza mpaka likakaa kwa uzito wake, ndipo akajipenyeza tena chini akakaza za pande zote mbili, kwa sababu bushi ikikazwa inaning'inia hujipinda gari likishuka, na haichelewi kuchanika. Hilo alimweleza mkewe kirefu. Safari hii aliachwa ajisifu.

Dereva alilitoa gari kupitia lango la ua, mumewe kando yake. Usukani ulikuwa umekaa upande kidogo, wakakubaliana gari walipeleke gereji kupimwa mlingano wa magurudumu wakipata malipo ya kwanza. Walipolikaribia tuta la kwanza hakuna aliyepumua. Gari likapanda, likashuka. Kimya. Kwenye tuta la pili vijana wa duka la kona walikuwa wameshabinua midomo tayari. Gari likapanda, likashuka, nao wakabaki wamebinua midomo.

"Mmeuza Kitanda?" aliuliza mmoja wao.

"Tumenunua godoro," alijibu Dereva.

*

Mama Mapacha alikuja jioni peke yake, amevaa vizuri kama anayekwenda kumwona mgonjwa. Kabla hajafika, Spana alikuwa ameuchukua ule mkono uliokufa, wenye boljointi iliyochomoka, akataka kuufukia kwenye vyuma chakavu.

"Usiufiche," mkewe alisema.

"Mama watoto, akiuona huu hatapanda hata baiskeli. Gari limepona. Kuna haja gani?"

"Wanawe walipanda. Ni haki yake ajue."

"Na akikataa?"

Dereva aliutwaa ule mkono, akauegemeza mlangoni pa nyumba.

Walizunguka mtaa mzima, matuta yote, mpaka ukingo wa barabara kuu na kurudi. Mama Mapacha alikaa nyuma, palepale wanapokaa watoto, ametega sikio. Walipofika lango la ua alikuwa anatabasamu. "Haya, nimekubali—"

"Ngoja kwanza, dada," alisema Dereva. "Kuna kitu unatakiwa ukione."

Akamletea. Akamweleza yote, tangu kosa la dukani mpaka mtaimbo, na hakujipunguzia hata kidogo. Mama Mapacha alikishika kile kichwa cha chuma, kikatoka kwenye kikombe, kikamwachia grisi kwenye vidole vyake vya kusukia. Tabasamu lilikwisha.

"Nilipanda na hiki?"

"Ulipanda nacho."

"Na wanangu?"

"Na wanao. Na wa kwangu pia. Sikujua, dada. Ila sasa najua, na nisingeweza kukuficha."

Mama Mapacha alitazama gari. Akamtazama Spana, ambaye alikuwa ameinamisha macho. Akaurudisha mkono ule wa chuma taratibu, akaomba kitambaa akajifuta vidole kimoja kimoja, akaaga kwa neno moja na kuondoka. Hakusema ndiyo, hakusema hapana.

"Nilikwambia," alisema Spana, lakini alilisema bila ukali, akaweka mkono begani mwa mkewe. Dereva alisikia uchungu, na chini ya uchungu alisikia wepesi, kwa sababu vyovyote itakavyokuwa, hakuna mtoto aliyeumia. Alijiambia kwamba hilo linatosha. Karibu asadiki.

Bibi alikuwa amewasha taa ya uani pale waliposikia miguu inakimbia. Mapacha walikuja wakisukumana, kila mmoja na begi lake la shule mgongoni, na wote wakaanza kusema kwa wakati mmoja mpaka ikabidi waambiwe waanze upya.

"Shikamooni. Mama kasema mabegi yalale humu humu garini, asubuhi tusichelewe."

"Na mimi nataka dirishani," alisema wa pili.

"Mama kasema nini tena?" aliuliza Dereva.

Pacha akafikiri. "Kasema tukae kwa adabu, na tusikuguse ukiwa unaendesha."

Spana akawafungulia mlango wa nyuma. Wakayapanga mabegi yao kwenye kiti, moja huku, moja kule, wakayasukuma mpaka ndani kabisa, kisha wakakimbia kwao. Dereva aliufunga mlango taratibu, akasimama akiyatazama kupitia kioo mpaka Bibi alipomwita mara ya pili kwamba chakula kinapoa.